Moyo uliohamia kushoto huku bomba la hewa likiwa katikati: je, huu ni upungufu wa kuzaliwa wa utando wa moyo?

Tabibu wa Mwambao (Kigoma)

Ndugu wanajamvi, na hasa madaktari wa moyo na wataalamu wa mionzi mlio humu, naomba msaada wenu wa kitaaluma. Ninafanya kazi katika kituo cha afya kilichoko kando ya Ziwa Tanganyika, na nina mgonjwa ambaye picha yake ya kifua imeninyima utulivu. Ameridhia niulize habari zake, nami nimeacha kila jambo linaloweza kumtambulisha.

Ni kijana wa kiume, bado hajafika miaka 30, anayevua dagaa usiku. Analalamikia maumivu ya kuchoma upande wa kushoto wa kifua, ambayo humjia ghafla, hukaa kidogo, kisha huondoka yenyewe. Humpata zaidi akilala ubavu wa kushoto, na akigeukia kulia hupungua. Akivuta nyavu hapati maumivu wala hahemi kuliko wenzake. Hajawahi kuzimia, hana homa wala kikohozi, hajapungua uzito, na miguu haijavimba. Nilipompapasa, pigo la ncha ya moyo nililipata mbali sana, karibu na mstari wa katikati ya kwapa. Kuna mvumo hafifu (sauti ya ziada ya damu) kwenye ukingo wa kushoto wa kidari.

Picha ya eksirei inaonyesha kivuli cha moyo kikiwa karibu chote upande wa kushoto, kiasi kwamba ukingo wa kulia wa moyo hauonekani kwa sababu umelaliana na uti wa mgongo. Hata hivyo bomba kuu la hewa limesimama katikati, na mapafu ni safi.

Alikopita kabla ya kufika kwangu, mahali pamoja aliambiwa kwamba moyo umetanuka, akaanzishiwa vidonge vya kutoa maji mwilini, na mahali pengine alichunguzwa kifua kikuu, makohozi yakatoka hasi. Vidonge havikumsaidia. Mama yake sasa anaamini kwamba mwanawe ana moyo mbovu na hatafika uzee.

Nimesoma kwamba wapo watu wachache wanaozaliwa bila sehemu ya utando unaoufunika moyo, yaani perikadia, na kwamba picha zao hufanana na hii. Naomba kujua mambo matatu. Je, picha hii inatosha kunifanya nishuku hali hiyo, au nakimbilia jambo adimu na kuacha la kawaida? Ni kipimo gani kinachothibitisha? Na je, kijana huyu aendelee kwenda ziwani?

Mionzi Tabora

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mpiga picha za mionzi hapa Tabora, na kabla hatujafika kwenye utando naomba turudi kwenye picha yenyewe, kwa sababu nimeona mioyo mingi "iliyohama" ambayo haikuhama popote.

Angalia ncha za ndani za mitulinga (mifupa ya juu ya kifua inayoelekea mabegani) yote miwili, kisha pima umbali wake hadi kwenye miiba ya uti wa mgongo iliyo katikati yake. Umbali huo ukiwa sawa pande zote, mgonjwa alisimama wima sawasawa. Ukitofautiana, alikuwa amegeuka, na kugeuka kidogo tu kunatosha kuusogeza moyo kwenye picha. Kisha hesabu mbavu kuona kama alivuta pumzi ya kutosha, na hakikisha picha ilipigwa kutoka nyuma akiwa amesimama, kwa maana picha ya kulala inayopigwa kutoka mbele hukuza kivuli cha moyo. Angalia pia kama kidari chake kimebonyea ndani, kwa kuwa kidari cha namna hiyo husukuma moyo kushoto bila kasoro yoyote ya utando.

Kama hayo yote ni salama, yapo mambo mawili ambayo mimi ningeyatafuta kabla ya mengine. La kwanza ni ulimi wa pafu unaojipenyeza kati ya aota (mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini) na ateri kuu ya mapafu. Mahali hapo kwa kawaida panafunikwa na utando wa moyo, kwa hiyo pafu halina njia ya kuingia, na utando usipokuwepo pafu huingia, nawe utaona mpasuko mweusi wenye umbo la kabari kati ya vivuli hivyo viwili. La pili ni mpasuko kama huo, ila uko chini, kati ya sakafu ya moyo na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) cha kushoto. Mengine utakayoyaona ni ateri ya mapafu iliyochomoza kuliko kawaida na ukingo wa kushoto wa moyo uliorefuka na kulala bapa. Picha ya upande nayo ipigwe, kwani katika picha hiyo moyo huonekana umerudi nyuma, ukiacha nafasi kati yake na kidari.

Halafu hilo la bomba la hewa kubaki katikati usilipite haraka. Ndilo jambo zito kuliko yote uliyoandika.

Mzee wa Wodi (Kasulu)

Kwa uzoefu wangu katika mkoa wetu, moyo uliovutwa kushoto ni kovu la kifua kikuu la zamani mpaka ithibitike vinginevyo. Makohozi hasi hayaondoi uwezekano kwamba aliugua utotoni akapona, na pafu la kushoto likajikunja. Ningeanzia hapo kabla ya kumpeleka kijana wa watu kwenye vipimo vya gharama.

Daktari wa Ndani (Mwanza)

Shikamoo Mzee wa Wodi. Tahadhari yako ni ya haki, kwa kuwa kifua kikuu ndicho kinachotuletea wagonjwa wengi zaidi wa utando wa moyo katika ukanda wetu, na ndiyo maana macho yetu yamezoea kutafuta utando uliojaa maji au uliokakamaa, lakini hayajazoea kuuliza kama utando upo. Hata hivyo kovu linalovuta moyo huvuta na vingine: bomba la hewa hupinda kuelekea upande huo, kiwambo hupanda, mbavu hukaribiana, na pafu lenyewe huonyesha michirizi na mapengo. Tabibu ameeleza kwamba mapafu ni safi na bomba liko katikati. Moyo uliohama peke yake, huku vingine vyote vikibaki mahali pake, haukuvutwa na pafu.

Sasa nimjibu Tabibu. Hapana, hukimbilii jambo adimu. Ni hali adimu kweli, maana katika uchunguzi wa maiti hupatikana kwa chini ya mtu 1 kati ya 10,000, na zaidi kwa wanaume. Lakini maelezo uliyotoa yanaielekea moja kwa moja, kuanzia maumivu yanayofuata mlalo badala ya kazi, hadi mahali ulipolipata pigo la ncha ya moyo.

Nieleze chanzo chake kwa ufupi. Mtoto akiwa tumboni, yapata wiki ya 5 na ya 6, utando unaotenganisha chumba cha moyo na chumba cha pafu hujengwa pande mbili. Upande wa kushoto hupata damu yake kutoka kwenye mfereji wa Cuvier wa kushoto, yaani mshipa wa damu wa mtoto aliye tumboni, ambao kwa kawaida hunyauka baadaye. Ukinyauka mapema mno, utando wa upande ule hukosa lishe na kubaki wazi. Mfereji wa kulia haunyauki kwa sababu ndio unaokuwa sehemu ya vena kuu ya juu (mshipa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu za juu za mwili), na hiyo ndiyo sababu takribani asilimia 70 ya kasoro hizi ziko kushoto, ilhali za kulia ni chache mno. Zipo pia za upande wa kiwambo, na wapo wachache waliokosa utando wote.

Mwanaanatomia wa Italia, Realdo Colombo, aliitaja hali hii mwaka 1559, lakini kwa miaka 400 iliyofuata iligunduliwa mezani pa kupasulia maiti au daktari alipofungua kifua kwa sababu nyingine. Ni mwaka 1959 ndipo Ellis na wenzake walipoitambua kwa mgonjwa aliye hai. Siku hizo uthibitisho ulipatikana kwa kuingiza hewa kwenye chumba cha pafu la kushoto na kuona kama hewa ile inauzunguka moyo. Leo hakuna sababu ya kumfanyia mtu hivyo.

Swali lililo nyuma ya maswali yako yote ni hili: je, utando wa kushoto umekosekana wote, au umekosekana kipande tu? Naomba tukae hapa. Ukikosekana wote, moyo huelea kushoto, husogea sana mtu akigeuka, huleta maumivu yanayokera, lakini hauna ukingo wa kuubana, na wengi wa watu hawa huishi umri wao wote bila matibabu. Ukikosekana kipande, tundu lina mdomo, na kijifuko cha pembeni cha chemba ya juu ya kushoto, au hata sehemu ya chemba ya chini, huweza kupita na kukwama, kama samaki aliyetia kichwa kwenye jicho la wavu akashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mdomo wa tundu huweza pia kuminya mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Hapo ndipo kunapotokea kuzimia na, kwa nadra, kifo cha ghafla. Kwa hiyo picha inayoonekana ya kutisha zaidi, yaani moyo wote uko kushoto, mara nyingi ndiyo ya hali iliyo salama zaidi, ilhali kasoro ya kipande yaweza kuwa na picha karibu ya kawaida, yenye uvimbe mdogo tu kwenye ukingo wa juu wa kushoto wa moyo. Hili wenzetu wengi hawalijui, na nadhani ndilo la kulishika kuliko jina la ugonjwa.

Je, umempima umeme wa moyo?

Tabibu wa Mwambao (Kigoma)

Ahsante sana, daktari, na ahsante Mionzi Tabora. Nimeirudia picha: mitulinga iko sawa, pumzi ilitosha, kidari hakikubonyea. Mpasuko mweusi kati ya aota na ateri ya mapafu nauona, ingawa nisingeujali kama nisingeambiwa.

Umeme wa moyo: mapigo ni ya mpangilio wa kawaida, mhimili umeelekea kulia, tawi la kulia linaonyesha kuchelewa kusiko kamili, na wimbi R linachelewa kukua kwenye vishikizo vya kifua. Hakuna dalili ya moyo kukosa damu. Mwenzangu mmoja aliyeiona karatasi alisema ni tundu kati ya chemba za juu za moyo.

Daktari wa Ndani (Mwanza)

Mwenzako hakukosea kulifikiria. Mambo yote matatu uliyotaja hutokea pia kwa mwenye tundu kati ya chemba za juu, na tatizo hilo litakufuata hadi kwenye eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Moyo usio na utando huzunguka kuelekea kushoto na nyuma, hivyo chemba ya chini ya kulia huja mbele ya kipimo na kuonekana kubwa kuliko ilivyo, na ukuta kati ya chemba za chini huenda kinyume na kawaida kwa sababu moyo mzima unayumba. Mpimaji asiyejua ataandika kwamba upande wa kulia umezidiwa na damu, na kijana ataanza safari nyingine isiyokuwa yake.

Kwa hiyo ukiandika barua ya rufaa, usiandike tu "moyo umetanuka, apimwe eko". Andika unachoshuku. Mpimaji akishajua, hatashangaa kukosa picha mahali pa kawaida, bali atakipeleka kipimo pembeni hadi kwapani, na huko ataupata moyo uking'ang'ania ubavu. Atauona ukiyumba kupita kiasi, na katika picha ya chemba nne chemba za juu zitaonekana zimerefuka na za chini zimevimba, umbo la tone la maji. Kisha amwombe mgonjwa ageuke kutoka chali hadi ubavu wa kushoto huku akiangalia moyo unavyohama, ingawa akumbuke kwamba moyo wa kila mtu husogea kidogo.

Baada ya hapo lazima alitafute tundu kati ya chemba za juu kwa bidii, kwa doppler ya rangi (eko inayoonyesha mwendo wa damu) na, ikiwezekana, kwa maji ya chumvi yaliyotikiswa na kuingizwa kwenye mshipa. Sababu ni kwamba takribani theluthi moja ya watu wenye kasoro ya utando wana kasoro nyingine pia: tundu kati ya chemba za juu, mshipa wa kitoto kati ya aota na ateri ya mapafu ambao haukujifunga, vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, na nyinginezo. Mvumo uliousikia waweza kuwa hauna maana, lakini usiachwe bila jibu. Tundu lililo karibu na mlango wa vena kuu ya juu lina tabia ya kujificha kwenye eko ya kifuani.

Eko hata hivyo haithibitishi, kwa maana haiuoni utando vizuri. Kinachothibitisha ni MRI ya moyo (picha ya sumaku), au CT skani (picha za eksirei za vipande vipande) iliyopangwa kufuata mapigo ya moyo.

Mionzi Tabora

Naongeza jambo kuhusu CT, kwa sababu hapa watu huteleza. Kutouona utando upande wa kushoto si ushahidi peke yake. Hata kwa mtu mzima wa afya, utando ulio juu ya chemba ya chini ya kushoto ni mwembamba, kwa kawaida hauzidi milimita 2, na kama hakuna mafuta ya kutosha ndani na nje yake hauonekani kabisa. Msomaji wa picha asitegemee kile asichokiona, ategemee kile alichokiona: pafu lililoingia kati ya aota na ateri ya mapafu, moyo uliozungukia kushoto, na kama ni kipande, ukingo ambapo utando unakatika ghafla na kijifuko kilichochungulia nje yake. MRI ina faida ya kuonyesha mwendo, na haina mionzi, jambo la maana kwa kijana wa umri huo.

Kwa maoni yangu asipoteze muda. Apande treni, aende moja kwa moja Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, amalize yote kwa safari moja.

Daktari wa Ndani (Mwanza)

Hapo naomba nitofautiane kidogo na ndugu yangu wa Tabora. Kama kijana angekuwa amezimia, au maumivu yanamjia akifanya kazi, au kipimo cha umeme kinaonyesha moyo kukosa damu, au picha ina uvimbe kwenye ukingo wa juu wa kushoto, ningesema aondoke leo. Hana lolote kati ya hayo. Nauli ya kwenda Dar es Salaam, malazi, na ndugu wa kumsindikiza ni mzigo kwa familia ya mvuvi, na sioni sababu ya kuubeba kabla ya eko nzuri. Aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni aonwe na daktari wa magonjwa ya ndani, na Tabibu aulizie kama kuna madaktari bingwa wa moyo wanaotarajiwa mkoani kwa huduma za mkoba. Isipowezekana, hospitali ya rufaa ya Bugando hapa Mwanza ni karibu zaidi kuliko pwani. Eko ikiielekea hali hii, ndipo atafutiwe CT au MRI akiwa na barua inayojitosheleza.

Vidonge vya kutoa maji, kama hana shinikizo la juu wala dalili ya moyo kushindwa, sioni kazi yake. Zungumza na daktari utakayempelekea ili visitishwe kwa utaratibu.

Muuguzi Buhigwe

Naomba kuuliza kwa niaba ya yule mama. Familia ielezwe nini kwa sasa, wakati vipimo bado? Kwetu ukisema "amezaliwa na kasoro ya moyo", siku hiyohiyo nyumba nzima inaanza kuomboleza, na wengine wanaacha hospitali wanatafuta tiba kwingine.

Daktari wa Ndani (Mwanza)

Dada, swali lako ni la msingi. Mimi ningemkalisha mama pamoja na kijana, nimwonyeshe picha, nimwambie kwamba moyo wenyewe, kwa dalili zilizopo, unafanya kazi vizuri. Kinachoshukiwa ni kwamba ngozi inayouzunguka haikukamilika tangu tumboni, na kwamba jambo hilo halikusababishwa na chochote alichokula au alichofanya akiwa mjamzito. Nisingemwahidi kwamba hakuna hatari, kwa sababu hatujajua kama kilichokosekana ni chote au kipande. Ningemwambia kwamba kipimo kinachofuata ndicho kitakachotueleza, na kwamba kama ni kipande chenye hatari, upasuaji upo: daktari huweza kulipanua tundu ili lisibane tena, kuliziba kwa kiraka, au kukiondoa kijifuko kinachokwama. Kama ni chote na hana kasoro nyingine, huenda asihitaji lolote zaidi ya kuelezwa vizuri na kuonwa tena baada ya muda.

Kuhusu ziwa, Tabibu, ningemwomba apumzike na uvuvi wa usiku mpaka eko ipatikane, kwa kuwa mtu akizimia majini hata tatizo dogo humuua. Kama maisha hayamruhusu, asitoke peke yake, wenzake chomboni wajue hali yake, na avae jaketi la kujiokolea muda wote. Akizimia, akipata maumivu yasiyoondoka hata akibadili mlalo, au akihisi moyo unakwenda mbio bila sababu, aletwe hospitali wakati huohuo na apimwe umeme wa moyo maumivu yakiwa bado yapo.

Tabibu wa Mwambao (Kigoma)

Nimeelewa, na nawashukuru wote. Nitamwita pamoja na mama yake wiki hii. Barua ya rufaa nitaiandika hivi: "Moyo umehamia kushoto bila bomba la hewa wala kiwambo kuhama, pafu limeingia kati ya aota na ateri ya mapafu, maumivu yanategemea mlalo. Nashuku upungufu wa kuzaliwa wa utando wa moyo wa kushoto. Naomba eko kwa dirisha la kwapani, itafutwe kasoro ya ukuta kati ya chemba za juu, na yatolewe maoni kama upungufu ni kamili au ni wa kipande." Je, kuna lililopungua?

Mionzi Tabora

Ambatisha picha yenyewe, ya mbele na ya upande, pamoja na karatasi ya umeme wa moyo. Usiambatishe maelezo peke yake, maana huko aendako wakimpiga picha upya akiwa amelala, kile ulichokiona wewe huenda kisionekane.